Fundi wa vitanda na majeneza anayetafuta nafasi ya kulazwa

Saa mbili kasoro asubuhi fundi anasugua ubao kwa msasa, kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ameuchomeka kwenye mkanda wa suruali ili usining'inie. Upande mmoja wa karakana kuna kitanda cha maharusi kinachosubiri vanishi. Upande wa pili kuna jeneza lisilo na mfuniko. Mbao za vyote viwili zimetoka kwenye gogo moja.

"Usishangae," anasema. "Sisi mtu tunamlaza mara mbili."

Ana miaka hamsini na tisa. Mtaa mzima unamwita Inchi Mbili, hata wajukuu zake. Bega lake la kushoto limechakaa kwa kubeba. Daktari amempangia upasuaji mara tatu, na mara zote hakwenda, kwa kuwa palikuwa na msiba na hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda kupima maiti. Jumatatu ijayo ni mara ya nne. Ameambiwa akikosa tena, mkono huo hautainuka kupita kifua maisha yake yote.

Kazi hii ilianza kwa babu yake, aliyekuwa akitengeneza vitanda, meza na kabati tu. Msimu mmoja wa mvua barabara ilikatika, jirani akafiwa na mke, jeneza halipatikani. Babu akavunja kabati la mteja, akaligeuza. Mwenye kabati alipokuja kulichukua akaambiwa limeshazikwa.

"Hapo ndipo tulipoharibu," anasema dada yake Inchi Mbili, anayeshona vitambaa vya ndani ya majeneza. "Ukiwaonyesha watu kwamba unaweza, umekwisha."

Baba yao aliongeza mkokoteni wa kusafirishia maiti, baadaye gari dogo la mizigo. Leo karakana inatoa majeneza manane mpaka kumi kwa mwezi. Vitanda ni viwili, mwezi ukiwa mzuri. Wiki iliyopita mama mmoja alikipenda kitanda cha binti yake lakini akataka kitolewe kwa mlango ambao majeneza hayapiti. Karakana ina mlango mmoja.

"Nikamwambia, bibi, keti hapo, tutoboe ukuta," anasema dada mtu.

Hata kwenye harusi watu hawapendi kukaa karibu na Inchi Mbili. Akimtazama mtu, mtu anahama. "Wanasema nawapima," anasema. Anawapima kweli? Anakuna kidevu. "Macho hayana pazia."

Jina lake lilitokana na kosa. Zamani wafiwa walileta kamba yenye mafundo mawili, kichwani na miguuni, na fundi akakata mbao kwa kamba hiyo. Miaka kumi na saba iliyopita alifiwa na baba mkwe. Shemeji yake akaleta kamba ya nailoni.

"Aliivuta kama anafunga fahali," anasema. "Alipoiachia ikajirudi. Mimi nikapima kamba iliyojirudi."

Jeneza likapungua inchi mbili. Mbele ya wakwe wote ilibidi ang'oe ubao wa miguuni na kuunga kipande. Kipande pekee kilichokuwepo kwenye gari kilikuwa uso wa droo, kimeshapakwa rangi nyekundu, na kina tundu la kitasa. Mama mkwe hakumsemesha mwaka mzima. Tangu siku hiyo hapokei kamba ya mtu. Huenda mwenyewe chumba cha maiti na futi yake, kisha huongeza inchi mbili.

Mtu pekee anayeweza kumpokea kazi ni binti yake, fundi wa kabati mwenye mkono mzuri kuliko wake. Hilo anakiri mwenyewe. Ila binti hajawahi kukubali kupima.

"Mimi nilijifunza kabati, Baba," amemwambia mara nyingi. "Kabati halina ndugu wanaolia."

Saa nne mwanamume mmoja anaingia, macho mekundu, kamba mkononi. Mama yake amefariki alfajiri. Mazishi ni kesho.

"Pole sana, ndugu yangu. Kamba hiyo weka," Inchi Mbili anasema, akichukua koti. Mkono wa kushoto unakataa kuingia. Anajaribu tena, anauma meno.

"Utapima kwa mkono gani?" dada yake anauliza. "Wa kuazima?"

Binti, aliyekuwa akichonga mlango wa kabati, anaangalia koti linavyoning'inia mgongoni mwa baba yake. Anaweka patasi chini, anachukua futi mezani, anamwambia mgeni, "Twende, kaka."

Wanarudi baada ya saa mbili. Binti ameandika vipimo kwenye kipande cha boksi. Baba yake anakisoma polepole, kisha anakunja uso.

"Mabega umekosea. Hakuna mwanamke mwenye mabega haya."

"Hayo si mabega, ni viwiko. Mabega ni membamba. Lakini amekunja mikono kifuani na viwiko vimetoka nje, kama amebeba mtoto. Ningepima mabega, tungelazimika kumkunjua. Sikutaka akunjuliwe."

Inchi Mbili anakaa juu ya mbao. Anaipigia mstari ile namba kwa penseli.

"Hilo sikukufundisha," anasema.

"Hukunifundisha," binti anajibu. Macho yake nayo ni mekundu. Anaanza kuchagua mbao.

Jioni Inchi Mbili anaeleza mpango wake. Jumatatu atalazwa. Mkono utafungwa wiki sita, na hizo zitakuwa wiki zake za kwanza za kupumzika katika miaka thelathini na minne. Anasema hajui watu hukaaje bila kazi. Anataka kulala tu, mchana kweupe, bila mtu kugonga. Lakini bado ana wasiwasi.

"Na wakifa wawili siku moja?" anamuuliza binti yake.

"Baba, watu walikuwa wanazikwa kabla hujazaliwa. Nenda kalale."