Besi ya Cleophus Yarbrough

Cleophus Yarbrough aliambiwa anaukosea wimbo ambao mdundo wake wa besi aliutunga mwenyewe.

Aliyeuimba ni Dorian Vance, ambaye sura yake ilijaa jalada la santuri, meno yote nje. Cleophus na wenzake watano walikuwa wameurekodi wiki moja kabla yake, mwaka 1965, katika chumba cha chini ya nyumba hapo Detroit, jasho likiwatiririka kwa sababu feni ilizimwa isisikike. Karatasi ya noti waliyopewa haikuwa na besi. "Tia kitu hapo, Cleo," mtayarishaji alisema, akaenda kununua chakula. Cleophus akatia kitu, na kitu hicho watu wakawa wanakighani mitaani kabla hawajashika maneno. Vance alikuja kuweka sauti tu, hawakuonana. Jalada lilimtaja mpiga picha, likamtaja hata mtengeneza nywele. Wapigaji sita hawakupata hata herufi.

Studio ilipofungwa, Cleophus alikwenda kiwanda cha magari kufunga milango. Alikaa na hasira ile miaka kumi na tisa, mpaka Vance alipokuja kutumbuiza bustanini na bendi ya hapo mjini iliyotakiwa kumpigia ikamchukua yeye apige besi.

"Mzee, samahani," alisema Reginald Sykes, kijana aliyeongoza bendi. "Hapo sipo. Umewahi kuisikiliza santuri yenyewe?"

"Nimeisikia."

"Isikilize tena. Jamaa wa kwenye santuri anaachia pale katikati. Wewe unajaza."

"Jamaa wa kwenye santuri alikatwa kidole na kopo la samaki asubuhi ile. Kidole kimeshapona."

Bendi nzima ikaangua kicheko. "Mzee ana vituko huyu!"

Nyumbani alimsimulia mkewe, Ernestine. Mama huyo akabamiza kifuniko cha sufuria.

"Na wewe ukanyamaza? Kanisani unaitikia amina mpaka madirisha yanatikisika, huko unanong'ona kama mwizi!"

Jumamosi Vance alikuja mazoezini. Besi ilipoanza, aligeuka ghafla.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Vance akamkumbatia, macho yamemlowa. "Kaka, miaka yote hii nimekula kwa vidole vyako. Kesho nitakutaja mbele ya watu wote." Reginald akawa anatazama viatu vyake.

Kesho yake, saa tisa alasiri, viti vilijaa. Ernestine alikaa safu ya tatu na kofia yake ya zambarau. Zamu ya wimbo ule ilipofika, Vance alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Huu ulinijia nikiwa peke yangu jikoni kwa mama," alisema. "Maneno, mdundo, vyote."

Cleophus alihisi masikio yanawaka. Alianza kupiga, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaanza. Ubeti wa pili akaviondoa.

Wimbo ukaporomoka. Vance aliimba mistari miwili hewani, sauti yake nyembamba ajabu, kisha akakwama. Cleophus akaenda kwenye kipaza sauti kilichokuwa karibu.

"Naitwa Cleophus Yarbrough. Mdundo huu ni wangu. Ngoma alipiga Leotis Crume, amekufa. Kinanda ni Purvis Handley, yuko hospitali, hana mguu. Magitaa ni Amos Tull na Wendell Spratt. Matari ni Hosea Binford. Huyu hakuwepo!"

"Mzee, rudi nyuma!" Reginald alifoka.

"Mwache aseme!" alipiga kelele mwanamke mmoja kwenye viti, na wengine wakadakia.

Lakini Cleophus alikuwa amemaliza. Alichomoa waya, akashuka na gitaa lake la besi, na Ernestine akamfuata.

Jumatatu gazeti liliandika kwamba onyesho la Vance lilivurugwa na "mpigaji mmoja." Cleophus akapiga simu, akataja jina lake herufi moja moja, akakatiza kila swali la binti aliyepokea. Alhamisi yakatoka masahihisho, mistari miwili, ukurasa wa kumi na nane. Ernestine aliyakata kwa mkasi, akaanza kutafuta fremu.

"Weka chini hicho," Cleophus alisema. "Watano hawamo."

"Cleo, angalau..."

"Angalau nini, Ernestine? Nilisimama pale nikayataja majina yote!"

Akavuta simu, akazungusha namba ya gazeti kwa nguvu mpaka kidole kikamuuma.

"Ni Yarbrough tena," alisema. "Andika."