Ripoti zasema wamefaulu, Shangazi asema hawajui kusoma

Saa tisa na robo alasiri, mlango wa chumba cha nyuma ya kanisa unasukumwa kwa goti, maana mikono ya mwenye chumba imejaa. Huku beseni la ndizi mbivu, huku vitabu vilivyoshonwa upya kwa uzi wa cherehani. Hajatua mzigo, watoto wameshapenya chini ya makwapa yake.

"Viatu nje, sauti ndani!" anafoka. "Atakayesoma kwa kunong'ona, ndizi ataitazama."

Ni fundi cherehani mwenye miaka hamsini na minne. Asubuhi hushona sare za shule. Alasiri huwafundisha wanaozivaa. Watoto wote arobaini na watatu humwita Shangazi, ingawa mpwa wa damu anaye mmoja tu. "Na huyo hata salamu haleti," anasema.

Miaka sita iliyopita mchungaji alimwomba awaangalie watoto ambao wazazi wao hurudi kazini jioni. "Nilijua kazi yangu ni kuzuia wasivunje vioo," anasema. Anacheka. Ukimtajia ripoti za shule, kicheko kinaisha.

Mwaka jana, binti wa darasa la sita aliachiwa kumtunza bibi yake mgonjwa wa kisukari. Bahasha ya dawa iliandikwa wazi: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Binti aliitazama, akaona haya kusema kwamba haielewi, akakisia: viwili, mara tatu. Siku ya pili bibi alianguka jikoni. Alilazwa siku nne, akapona.

"Alikuja hapa analia, 'Shangazi, nimemuua bibi.' Nikamuuliza, mbona hukusoma? Akanijibu, 'Mimi huwa sisomi, huwa nakisia.' Hiyo ilikuwa wiki yake ya pili tu hapa kwangu."

Ripoti ya binti huyo ya darasa la tano ilimpa alama sabini na moja za Kiswahili. Chini, mwalimu ameandika: "Vizuri. Aendelee hivyo hivyo."

"Aendelee hivyo hivyo mpaka wapi?" Shangazi anapiga meza. "Mpaka azike mtu?"

Kesho yake alichukua ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la pili, akawasomesha mmoja mmoja watoto wote wa darasa la nne kwenda juu. Walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na saba hawakumaliza mstari wa kwanza. Wote kumi na saba, ripoti zao zilisema wamefaulu. Alizikusanya, akaenda nazo kwenye mkutano wa wazazi shuleni.

Mwalimu mkuu alimsikiliza akizungusha kalamu. "Mama, wewe ni fundi cherehani," alimwambia. "Ya elimu tuachie wenyewe."

Wazazi walicheka. Shangazi hakuketi.

"Ni kweli, mwalimu. Na mimi nikishona suruali mguu mmoja mrefu, mteja ananirudishia siku hiyo hiyo na matusi juu. Hawa watoto nimrudishie nani?"

Kicheko kikakatika kama uzi mbovu.

Wiki iliyofuata mzee mmoja wa kanisa, rafiki wa mwalimu mkuu, alimfuata kudai ufunguo wa chumba. "Eti nalitia kanisa aibu. Nikamwambia, baba, aibu ni kunyamaza." Chumba kilifungwa wiki tatu. Alifundishia kwenye ngazi za nje, na mvua ilipokuja wakajibana chini ya paa la choo. Akina mama walewale waliomcheka ndio waliomwendea mchungaji, naye akaja kufungua mlango kwa mkono wake. Mzee yule hamsalimii mpaka leo.

Mwalimu mmoja wa shule hiyo, aliyeomba asitambulishwe, anasema darasa lake lina watoto tisini na wanne. "Tunaambiwa wapande darasa wote. Wakirudia, tutawaweka wapi?"

Shangazi akielezwa hayo, hakasiriki. "Mwalimu huyo namhurumia. Mtu mmoja kwa watoto tisini na wanne, huko ni kumwonea. Basi aandike ukweli: nimeshindwa, nisaidieni. Asiniandikie 'vizuri'. Hilo neno ndilo lililomlaza bibi wa watu hospitali."

Kati ya wale kumi na saba, kumi na mmoja sasa wanasoma, binti wa dawa akiwamo. Anafuata mstari kwa kidole, polepole, na akikwama husema "sijui" bila kuona haya. Sita bado. Shuleni, hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana Shangazi hataki tena kungoja mkutano. Ripoti za muhula huu zikitoka, atapita nyumba kwa nyumba mtaa mzima na kitabu chake cha darasa la pili. Kila mzazi amketishe mwanawe, amsikilize akisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma, Shangazi atasikiliza pamoja naye.

"Mtoto asiposoma, mzazi asitie sahihi," anasema, akimmenyea ndizi mtoto mdogo kuliko wote. "Ripoti mia mbili zikirudi bila sahihi, hapo walimu watanitafuta wenyewe. Na wakija nitawapa benchi la mbele, waketi, wasikilize."