Siku Mke Wangu Alipochagua Mpira

Mke wangu ni fundi bomba. Nasema mapema kwa sababu watu husikia kinyume, wakaanza kunieleza mimi habari za vyoo vyao vilivyoziba. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kivulini na sindano zangu, na yeye ndiye anayelala chali chini ya masinki ya watu. Mtaa mzima unamwita Mama Koki. Siku ya kwanza alipokuja kuziba bomba lililokuwa likilowesha vitambaa vya wateja wangu, nilimwuliza fundi yuko wapi. Akaniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Fundi yupo. Kama mwenye chumba hayupo, nitarudi kesho." Haikuchukua muda nikapeleka posa.

Kwake bomba lilikuwa bomba gumu la plastiki, basi. Mpira wa maji, alikuwa akisema, ni wa bustani na wa kuoshea magari. Alichokipenda hasa ni gundi. Unapaka ncha ya bomba, unapaka ndani ya kiungo, unasukuma, unazungusha robo, unashikilia. Ukichelewa kidogo imeshakauka, na ukikosea unakata unatupa. "Wewe ukikosea unafumua mshono, mteja hajui," alikuwa akinitania. "Mimi sina cha kufumua." Na kweli, sikuwahi kumwona akikosea.

Kwa hiyo jioni ile aliponiambia kwamba tangi la samaki la daktari mmoja atalifunga kwa mpira mtupu, nilisimamisha cherehani.

Daktari mwenyewe alikuwa wa macho. Alitaka wagonjwa wanaosubiri zamu watazame samaki wa baharini, hata wale wasiowaona sawasawa. Tangi la kioo lingekaa ukumbini, na nyuma ya ukuta, kwenye stoo, kungekuwa na tangi jingine la kuchujia, pamoja na pampu. Maji yangeshuka yenyewe kutoka kwenye kioo hadi stoo, yachujwe, kisha pampu iyapandishe tena. Njia mbili tu, ya kushuka na ya kupanda. Stoo hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na swichi kubwa ya jengo zima, na chini yake soketi.

"Pampu inatetemeka," mke wangu alieleza bila kuniangalia. "Bomba gumu linaubeba ule mtetemo mpaka kwenye kioo, maungio yanapasuka. Mpira unaumeza. Tena chumvi ikiganda ndani, unalegeza vibano, unaosha, unarudisha."

"Na njia ya kushuka? Huko nako kuna pampu?"

"Wewe shona nguo za watu."

Sababu zake zilikuwa za kweli, na bado niliogopa. Mpira unakusubiri. Unauloweka kwenye maji ya moto, unausukuma taratibu, ukienda upande unauchomoa na kuanza tena, na hakuna anayejua umejaribu mara ngapi. Mke wangu alikuwa ameanza kuhitaji kusubiriwa. Nilimsikia mlangoni akitafuta tundu la kufuli kwa ufunguo, kr, kr, kr, mchana kweupe. Chai alikuwa hajazi kikombe tena. Anajimiminia nusu na kukishika kwa mikono miwili kana kwamba anasikia baridi. Na sisi wawili ndio tuliomwuguza mama yake, mkwe wangu, aliyeanza hivyohivyo, na kijiko, akaishia kulishwa kwa zamu huku akitazama ukuta kwa aibu. Mama Koki alikuwa akitoka chumbani mle anakwenda kujifungia bafuni peke yake. Ile methali ya mficha maradhi ilinijia hadi kwenye ulimi, nikaimeza. Niliogopa kwamba nikiuliza, atanijibu.

Siku ya kazi aliniomba niende naye, nimbebee ndoo. Tangu nimwoe hajawahi kuniomba nimbebee kitu. Nilifunga chumba changu nikamfuata. Alifunga mipira vizuri, polepole, kwa vibano vya plastiki, maana chuma na chumvi havipatani. Tulijaribu kwa maji baridi, yakazunguka bila tone kudondoka. Akatabasamu, nami nikajiona mchawi kwa yote niliyokuwa nikiyawaza. Tukakoroga chumvi, tukawasha kifaa cha kupashia maji, kwa sababu samaki wenyewe, ambao walikuwa hawajaletwa, walitaka maji ya uvuguvugu. Daktari alikuwa chumbani kwake na mgonjwa. Tukakaa kwenye viti vya ukumbini kupumzika.

Maji yakapata joto. Mpira nao ukapata joto, na mpira ukipata joto hulegea. Pale ulipokata kona kushuka nyuma ya ukuta, ulijikunja, ukaziba njia. Hatukuona. Nilichoona mimi ni kwamba maji kwenye kioo yamefika ukingoni, na pampu inaendelea kuyaleta.

"Mama Koki," nilisema, "haya maji mbona hayashuki?"

Alikuwa ameshanyanyuka. Tulipofika stoo, maji yalikuwa yakipenya kwenye tundu tulilotoboa kupitishia mipira, yakiteremka ukutani kuelekea soketi. Maji ya chumvi ni rafiki wa umeme. Hilo hata fundi cherehani analijua. Mke wangu alinyoosha mkono kuifuata swichi kubwa. Mkono ukaenda kulia. Ukarudi, ukapita, ukagonga ukuta uliolowa, ukateleza chini, vidole vikicheza hewani karibu kabisa na ile soketi. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilimvuta kwa nguvu hadi akaangukia ndoo, nikachukua ufagio uliokuwa mlangoni, nikaipiga swichi kwa mpini wake.

Pampu ikanyamaza. Kutoka ndani daktari aliuliza kama umeme umekatika, nikamjibu kwamba ni sisi, atusamehe kidogo. Nikakaa chini kwenye maji.

"Umeniona," mke wangu alisema.

"Nimekuona."

"Tangu lini?"

"Tangu ufunguo."

Aliinuka, akauchomoa mpira wa kushukia, akautupa pembeni. "Kona inataka bomba gumu," alisema. "Mpira tutauacha pale kwenye pampu tu." Akakata bomba tulilokuja nalo, akalipiga msasa, akalifuta likakauka. Mpaka hapo mikono ilimtii. Lakini aliposhika brashi ya gundi, gundi ilikwenda kwenye kidole, kwenye sakafu, kila mahali isipotakiwa, na alipolisukuma bomba ndani ya kiungo lilikwama katikati, limepinda. Akalikata, akalitupa. Mara ya pili hakujaribu. Alinipa brashi.

"Mimi?" nilisema. "Mimi nafumua."

"Leo hufumui. Paka. Haraka. Sukuma. Zungusha. Shikilia."

Nilishikilia kama mtu aliyeshika roho ya mwenzake. Akaweka mikono yake juu ya yangu, anikazie, na ndipo nilipousikia ule mtetemo wenyewe. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mdogo, wa haraka, na haukupumzika. Mkwe wangu nilimsikia vilevile, siku za mwanzo, akinishika mkono kunishukuru kwa gauni nililomshonea.

"Ni ya mama," alisema. "Naogopa, mume wangu."

"Hata mimi."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na tochi, viatu vyake majini, akiuliza imekuwaje. Nilijua mke wangu angeweza kumjibu kwa maneno matatu kuhusu mpira na kona, tukakausha sakafu, tukarudi nyumbani na siri yetu. Niliogopa kwamba atasema, na niliogopa zaidi kwamba hatasema.

"Mpira ulijikunja, daktari. Kosa ni langu. Nilijua pale panataka bomba gumu." Akaondoa mikono yake juu ya yangu. "Wewe ni wa macho. Wa mikono anapatikana wapi?"

Daktari hakucheka. Aliizungusha tochi isimpige usoni, akasema, "Ninyooshee, mama, tuone."

Mke wangu alinitazama kwanza. Mimi nilikuwa bado nimekishikilia kile kiungo. Gundi ilikuwa imekauka zamani, ila sikuwa na ujasiri wa kukiachia. Akainyoosha mikono yote miwili.