Matone ya Kahawa Mbele ya Wazee wa Dirma

"Mwanangu, hicho kinachodondoka ni kahawa, au ndiyo jibu lenu?"

Mzee Bura aliniuliza hivyo sebuleni kwetu Bashay, mbele ya baba yangu na wazee wenzake aliokuja nao kutoka Dirma, na mimi niliyezoea kubishana na wahadhiri chuo kikuu nikazidi tu kumimina maji. Hata leo nikilikumbuka swali hilo masikio yanapata moto, ila acheni niwasimulie, mcheke mmalize.

Wazee wale walikuja kumposa dada yangu Paskalina kwa niaba ya kijana wao Safari, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Paskalina alimpenda kijana huyo kiasi kwamba alijua mpaka kombaini ipi imekatika mkanda, na siku hiyo tangu asubuhi alijifungia chumbani akisubiri kumsikia baba akisema ndiyo.

Mimi nilikuwa likizo, na likizo zilikuwa zinaniwasha. Nilihoji kila kitu, na hasa kwa nini kahawa ichemshwe na machicha yake mpaka iwe chungu kama dawa ya minyoo, halafu tuizamishe kwenye maziwa na sukari tusiisikie. Mke wa mtaalamu mmoja wa kigeni pale mashambani (nilimfundisha Kiswahili likizo iliyotangulia) alinipa faneli ya plastiki na karatasi za kuchujia: unaweka kahawa, unamimina maji ya moto kidogo kidogo, inachuruzika safi kikombeni. Nilipojaribu nyumbani nikawa kama mlokole mpya. Humezi machicha, ukali unaupima mwenyewe, nyumba nzima inanukia, na baba, ambaye ile ya kuchemsha ilimpa kiungulia kila mara, alikunywa hii bila kushika kifua hata siku moja. (Alisema ni maombi. Nilimwachia.)

Basi nikamwambia mama kwamba wageni watakunywa kahawa ya kuchuja. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana mama hakuwa mtu wa kuachia jiko lake siku kama ile. Akaniangalia, akasema, "Haya, tengeneza hiyo yako. Usiharakishe." Kisha akarudi kuchambua maharage. (Mimi niliyehoji kila kitu, hapo sikuhoji.)

Halafu nikaamua jambo dogo tu: niitwange laini zaidi, laini kama unga, nikidhani ladha itatoka yote. Nikapeleka vyombo sebuleni ili wazee wajionee, nikawaamkia, nikamimina maji, na kahawa ikageuka tope. Likaanguka tone. Baadaye sana, tone jingine.

Sasa kwetu wanaokuja kuposa hawafungui neno kabla hawajanywa kitu cha nyumba ile, kwa hiyo wazee walikaa wameshika fimbo, macho yote kwenye faneli, baba anakohoa (nikadhani ni vumbi), na mimi ili kuziba kimya nikaanza kuhutubia: "Baba zangu, faida ya kwanza ni tumbo, haichomi, faida ya pili..."

Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Na huyu naye anaposwa?"

"Mungu apishe mbali. Chai ya asubuhi utainywa keshokutwa."

Ndipo Mzee Bura akauliza swali lake. Nikababaika, nikaongeza maji, nikaitikisa faneli, karatasi ikapasuka, na tope lote jeusi likatua kwenye shuka jeupe alilojifunga mzee wa watu.

Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisimama taratibu, akamwambia baba, "Ndugu yangu, tumeelewa. Mmetujibu bila matusi, tunashukuru."

"Mmeelewa nini? Kaeni, jamani!" Lakini walishafika mlangoni.

Baba akanigeukia. "Nyumba isiyotaka kutoa binti haisemi hapana. Inachelewesha kikombe. Hukujua?"

Sikujua. Nilipelekwa bweni nikiwa mdogo, na katika maswali yangu yote hilo halikuwamo.

Paskalina akatoka chumbani analia, akanipita bila kuniangalia, akaenda jikoni, na nikamsikia akipiga kelele, "Mama! Si kuna chupa nzima ya chai ya maziwa hapa?"

"Hakuna aliyeiomba," mama akajibu.

Baba alimtuma mjomba Dirma na asali kuomba radhi. Jibu likaja kwamba hawana kinyongo ila msimu umewabana, watarudi ngano ya mwaka unaofuata ikishavunwa. Wakarudi kweli, wakapewa chai kabla hawajakaa vizuri, na Paskalina akaolewa. Ila kule kusubiri kote aliniongelesha kuhusu kuni na maji tu.

Kahawa yangu bado naichuja kila asubuhi, nyumbani kwangu, punje zikiwa kubwakubwa, na bado nasema hakuna iliyo tamu kama hiyo. Lakini mgeni mwenye neno moyoni simchujii tena. Anapokewa na chai ya chupa.

Paskalina alikuwa ameshapata watoto siku mama alipokaa jikoni kwangu akitazama matone yakianguka, akacheka peke yake. "Chai ile niliichemsha kabla wazee hawajafika," akasema. "Nilitaka tu dada yako anibakie mavuno mengine."