Kibao Mlangoni kwa Roswitha

Kwa miaka thelathini na mmoja Roswitha Käuffele alimenya viazi vya askari wa Kifaransa, katika kambi iliyokuwa juu ya mji wao, kusini mwa Ujerumani. Askari walipofunga virago, baraza la mji halikuwauzia matajiri majengo yale. Liliwaachia wananchi wajiunge vikundi, kila kikundi kikarabati jengo lake na kuchagua chenyewe nani ataishi humo. Roswitha, sasa mjane wa miaka sabini na miwili, alitaka kitu kimoja tu: ile nyumba ya chini iliyokuwa jiko, yenye dirisha ambalo kando yake alimenya viazi miaka yote hiyo. Nafasi ilibaki hiyo moja, na waombaji walikuwa tisa, wengi wao vijana wenye watoto.

Siku ya mkutano wa kikundi wa kumchagua mkazi huyo wa mwisho, alifika mapema mno. Alipoona ngazi zimejaa vumbi la saruji, uvumilivu ukamshinda. Akachukua ufagio wa mafundi, akafagia kuanzia juu hadi chini.

Mkutano ukaanza na suala la usafi. Mwenyekiti Volkmar, mchora ramani mwenye ndevu za kutosha watu wawili, akapendekeza waajiri kampuni.

"Kampuni?" Roswitha aliruka. "Kwani mikono yenu ina nini? Kwetu kila nyumba ina wiki yake. Kibao cha zamu kikitundikwa mlangoni kwako, unafagia ngazi. Ukimaliza unampelekea jirani, mnasalimiana, unajua kama ni mzima. Hiyo kampuni yenu itajua nani anaumwa?"

"Bibi Käuffele, wewe bado si mkazi," mmoja alimkumbusha.

"Na kwa uvivu huu, sijui hata kama nataka!"

Papo hapo alijua mdomo umemponza. Aliteremka kilima akijilaumu njia nzima.

Jumamosi iliyofuata alifungua mlango wa kwake mjini akanunue mkate, akakuta kibao kinaning'inia kwenye kitasa. Kilikuwa kipande cha mlango wa jiko la kambi. Rangi ile ya kijani angeitambua popote. Kiliandikwa: ZAMU YA KUFAGIA. WA KWANZA: KÄUFFELE, NYUMBA YA CHINI.

Alilia kwa furaha, bila aibu, huku Volkmar amesimama nje ya mlango.

"Tulipiga kura," alisema Volkmar. "Hakuna aliyepinga."

"Na ngazi za kule kambini, wiki hii?" Roswitha aliuliza, akijifuta machozi.

"Nimefagia mwenyewe, bibi."

"Hadi kwenye pembe?"

Volkmar akakuna ndevu. Roswitha akarudi ndani kuchukua ufagio wake.