Saa Nne ya Alhamisi

Nilipomwona mshonaji wa mtaani kwetu akisimama kila Alhamisi mbele ya ofisi ya mshauri nasaha, nilidhani amempenda mshauri huyo. Nilikosea. Vikao vyake mwenyewe na mshauri vilikwisha miezi miwili nyuma, na kilichomchoma roho ni mwanamke wa mtandio wa kijani aliyepewa saa yake, saa nne asubuhi.

"Wifi, utamkodolea macho mwenzio mpaka lini?" dada wa mumewe alimtania.

"Amekalia kiti changu."

"Kwani ulikinunua? Kaa kwenye chako."

Alhamisi iliyofuata, ingawa miguu ilimwasha kwenda kule, mshonaji alibaki kwenye cherehani. Alijiuliza kwa sauti swali la mshauri: "Leo uchungu unakubana wapi?" Akajijibu, "Kifuani," kisha akavuta pumzi polepole, akaishusha polepole, huku akishona, hadi pindo la shuka likaisha. Wivu haukumtoka, ila saa nne ilimpita akiwa kazini.

Baadaye yule mwanamke wa mtandio wa kijani alimletea gauni lipunguzwe. Ndipo alipotusimulia kwamba alikuwa ameisubiri saa ile kwa miezi minane, akimwonea kijicho mshonaji kila alipomwona akitoka kwa mshauri.