Mama Amesalimia Mtu wa Kwenye Picha

Leo mama yangu amesalimia picha. Kwa sauti.

Bon, nianze vizuri.

Tangu Mama afike hapa ughaibuni, mjini Buffalo, kutoka Kivu, hataki kutoka nyumbani. Anakaa dirishani, anasema nchi hii haina milima, mtu atatazama nini. Mimi naomba tu azoee.

Leo kuingia makumbusho ilikuwa bure. Nikamvuta, pamoja na binti yangu Neema.

Tukafika kwenye picha moja kubwa ya Kichina, ya wino mweusi. Milima mirefu, na katikati peupe tu. Neema akasema kwa Kizungu chake kwamba mchoraji hakumaliza. Nikamtafsiria Mama.

Mama akamwambia, "Amemaliza, mjukuu wangu. Huo ni ukungu wa asubuhi. Mto uko pale chini yake."

Kisha akasogea karibu. Chini kabisa kuna mtu mdogo kama punje ya mchele, amebeba mzigo, anapanda.

"Pole na mzigo, baba. Kwako wazima?"

Donc, mnajua kwetu humpiti mwenye mzigo bila kumsalimia. Lakini watu wote waligeuka, mlinzi pia. Nilitamani huo ukungu unifunike.

Neema naye akampungia yule mtu mkono.

Kwenye basi Mama aliegemeza kichwa dirishani, akafumba macho. Nikajua nimemchosha, hatatoka tena.

Tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza, "Tunarudi lini? Nataka kuona kama amefika."

Nani kati yenu atatusindikiza? Mwenye gari atapikiwa sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu.